Idara ya Kilimo ya Jimbo Haileti Bwana Shamba

Mtu aliyekulia Bukoba, Kisii au Uvira akisikia "idara ya kilimo", picha inayomjia ni ya bwana shamba: buti za mpira, pikipiki yenye tope, daftari la majina ya waliopata mbegu. Akihamia Minnesota, akapata robo eka ya kukodi nje ya mji ili apande mchicha, kunde na mahindi meupe, simu ya kwanza anaipiga St. Paul, makao ya idara ya kilimo ya jimbo, kuuliza atie mbolea gani. Anajibiwa kwa adabu na kupewa namba nyingine. Anakata simu akidhani amefukuzwa.

Amegonga mlango usio wake, basi. Marekani kazi ya ugani, yaani ya kumshauri mkulima, iko mikononi mwa vyuo vikuu tangu sheria ya mwaka 1914, na kwa Minnesota ni Chuo Kikuu cha Minnesota, chenye pia maabara ya kupima udongo. Mikopo mikubwa na ruzuku za mazao hutoka kwa wizara ya kilimo ya shirikisho, iliyoanzishwa 1862, kupitia ofisi zake za kaunti. Jimbo limebaki na sheria, maabara na wakaguzi. Linasimamia mambo ambayo mnunuzi hawezi kuyaona kwa macho: mbegu iliyokufa ndani ya mfuko mzuri, dawa ya ng'ombe ndani ya maziwa, naitreti kwenye maji ya kisima.

Mipaka ya kazi hiyo inatofautiana jimbo hadi jimbo, na hapo wengi hupotea. Texas na California, mizani ya sokoni hukaguliwa chini ya idara ya kilimo; California, hata pampu za mafuta. Minnesota kazi hiyo iko idara ya biashara. Magonjwa ya mifugo Minnesota yana bodi yake nje ya idara. Viuatilifu California vina idara yake tangu 1991. Hata mkuu wa idara hapatikani kwa njia moja: majimbo 12 humchagua kwa kura, Texas na Iowa yakiwemo, ilhali Minnesota huteuliwa na gavana. Kwa hiyo ushauri wa ndugu aliyeko Texas usiubebe mzima mzima mpaka Minneapolis.

Tuanze na mbegu. Chukua mfuko wa mbegu za shambani, ugeuze usome lebo. Utakuta jina la zao na aina yake, namba ya shehena, mahali zilikokuzwa, kisha asilimia nne: mbegu safi, mbegu za mazao mengine, takataka, na mbegu za magugu. Nne hizo zikijumlishwa lazima zifike 100. Chini yake kuna kiwango cha uotaji na mwezi wa kupimwa, halafu magugu yanayodhibitiwa, kila moja kwa jina lake na idadi ya mbegu zake katika ratili moja.

Bei iliyoandikwa mbele ya mfuko haikwambii unalipia nini. Chukua usafi uzidishe kwa uotaji. Mfuko wa kilo 20 kwa dola 60, usafi asilimia 95, uotaji 80: mbegu hai ni asilimia 76, yaani kilo 15.2, na kila kilo hai imekugharimu kama dola 3.95. Mfuko wa pili ni dola 54, usafi 85, uotaji 70: mbegu hai ni asilimia 59.5, yaani kilo 11.9, kila kilo dola 4.54. Ule wa "rahisi" ndio ghali, na juu yake huenda umenunua magugu.

Wakaguzi huchota sampuli dukani na ghalani, na maabara huotesha mbegu 400 kwa makundi ya 100. Nyumbani unaweza kujipimia kwa mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, mahali penye joto, kwa siku saba hivi kwa mazao mengi. Watu hukosea kwenye kuhesabu. Mbegu iliyopasuka tu, au iliyotoa mzizi bila chipukizi, maabara haiihesabu. Inahesabiwa ile yenye mzizi na chipukizi vilivyo kamili. Ndiyo maana vipimo vya nyumbani karibu siku zote huzidi vya maabara, na mtu hulalamika shamba limeota vibaya wakati kitambaa kilisema 90.

Sheria hii iliwahi kuvuka mpaka. Mwaka 2014 maktaba ya umma ya Duluth ilikuwa na kabati la kubadilishana mbegu: unachukua leo, unarudisha baada ya mavuno. Idara ikasema hiyo ni kusambaza mbegu bila vipimo na bila lebo, na kwa sheria ilivyoandikwa ilikuwa sahihi. Kwa akili ya kawaida ilikuwa kituko. Mwaka 2015 bunge la jimbo lilirekebisha sheria ili watu wanaogawana mbegu bila biashara waachwe. Kwa hiyo bibi anayempa jirani kiganja cha mbegu za mnavu hana wa kumwogopa. Akianza kuziuza kwenye pakiti, lebo inamhusu.

Kwamba sheria ya mbegu haikutungwa kwa kupenda makaratasi, ushahidi ulikuja 2016. Katika kaunti za Yellow Medicine na Lyon, kusini-magharibi mwa jimbo, wakulima walikuwa wamepanda maua na nyasi za asili kwa ajili ya hifadhi. Katikati yake ukaota mchicha ambao haukuwa mchicha: Palmer amaranth, gugu la kusini lililosafiri ndani ya mchanganyiko wa mbegu kutoka nje ya jimbo. Ni ndugu wa mchicha tunaokula, ila huyu anaweza kurefuka sentimita 5 au zaidi kwa siku moja ya joto, mmea mmoja wa kike hutoa mbegu laki kadhaa, na koo nyingi zake hazifi kwa glifosati, dawa maarufu ya kuua magugu. Mbegu za jamii yote ya mchicha ni vidonge vyeusi vinavyong'aa, vyenye upana wa milimita moja hivi; hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha. Maabara ililazimika kutumia vipimo vya vinasaba.

Shambani kuutambua kunawezekana. Chuma jani la chini pamoja na kikonyo chake, kisha kikunje kikonyo juu ya jani. Kama kikonyo ni kirefu kulipita jani lenyewe, shuku. Shina halina vinyweleo. Mimea ya kike na ya kiume ni mbalimbali, na suke la jike likishikwa linachoma kama miiba. Ukiona dalili hizo zote, weka alama, piga picha ya jani lililokunjwa hivyo na ya suke, uitaarifu idara. Usiukokote mmea kuutoa shambani, kwa sababu kila hatua unamwaga mbegu. Minnesota imeuweka kwenye orodha ya magugu ya kutokomezwa, maana yake mwenye ardhi hana hiari ya kuuacha.

(Wakaguzi wa magugu wa ngazi ya chini kabisa Minnesota ni viongozi wa vijiji na mameya wa miji. Sheria imewapa kazi hiyo pamoja na vyeo vyao, na si ajabu kumkuta meya asiyelijua jambo hili.)

Kwenye mbolea, idara inahakikisha namba tatu za mfuko (asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa mpangilio huo) ni za kweli. Mfuko wa ratili 50 wa 10-10-10, sawa na kilo 22.7, una kilo 2.27 za naitrojeni. Namba ya pili na ya tatu zina mtego wa zamani: zinahesabu fosforasi na potasiamu zikiwa oksaidi, yaani zikiwa zimeungana na oksijeni. Fosforasi halisi unaipata kwa kuzidisha namba ya pili kwa 0.44, na potasiamu kwa kuzidisha ya tatu kwa 0.83. Anayepokea majibu ya udongo kwa kipimo kimoja akanunua mbolea kwa kipimo kingine huishia kuweka pungufu. Na ukiona mfuko wa mbolea ya nyasi za uwani una sifuri katikati, haujakosewa. Tangu 2005 jimbo zima limezuia fosforasi kwenye nyasi za nyumbani, isipokuwa nyasi zinazopandwa mara ya kwanza au udongo uliopimwa ukaonekana una upungufu, kwa sababu ilikuwa inateremka na mvua hadi ziwani na kuyafanya maji yawe kijani.

Naitrojeni ina kisa kizito zaidi, hasa kwa anayekodi ardhi ya mchanga. Naitreti, umbo ambalo naitrojeni ya mbolea hugeukia ardhini, haishikwi na udongo. Maji yakishuka inashuka nayo hadi kisimani. Kikomo cha maji ya kunywa ni miligramu 10 za naitrojeni ya naitreti kwa lita, na mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji yaliyozidi hapo damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Kuanzia Septemba 2020 Minnesota imekataza kutia mbolea ya naitrojeni wakati wa vuli, na juu ya ardhi iliyoganda, kwenye maeneo ya udongo wa mchanga au mwamba wa chokaa ulio karibu na uso wa ardhi, pamoja na maeneo ya visima vya umma ambako naitreti imefika miligramu 5.4 kwa lita au zaidi. Sababu ni ya kikulima kabisa: mbolea ya Oktoba inakaa miezi saba bila mzizi wa kuinywa, na theluji ikiyeyuka inaondoka nayo. Ramani ya idara inaonyesha kama kipande chako kimo. Iangalie kabla ya kusaini mkataba wa kukodi, na kisima kipime bila kungoja kuambiwa.

Dawa za kunyunyizia husajiliwa kwanza na serikali ya shirikisho, kisha na jimbo, ambalo hutoa pia leseni kwa wapigaji. Maneno ya lebo yana nguvu ya sheria: zao lisilotajwa halipigwi. Hapo wakulima wa mboga zetu hunaswa, kwa kuwa dawa iliyoandikwa ya mahindi haikuruhusiwa kwenye mnavu kwa sababu tu imebaki kwenye kopo. Ikitokea dawa ya jirani imepeperuka ikaunguza kunde zako, usiing'oe mimea na usingoje wikiendi ipite. Andika tarehe, saa, upepo ulitoka wapi na majani yalianza kujikunja lini, piga picha, wasilisha malalamiko. Mkaguzi atachukua majani yakapimwe, na mabaki ya dawa hupungua siku hadi siku. Ujue pia idara inaweza kumwadhibu aliyevunja sheria, lakini fidia ya mazao haikutafutii. Hiyo ni baina yako, jirani na bima.

Kuuza ndiko kwenye neema na mitego pamoja. Katiba ya Minnesota, ibara ya 13, kifungu cha 7, inasema mtu anaweza kuuza mazao ya shamba au bustani anayoikalia na kuilima bila kuchukua leseni. Aliyekodi naye amo, ilimradi yeye ndiye anayelima. Mafungu ya mchicha, matembele, maboga, mahindi mabichi: beba upeleke sokoni. Masharti ya usafi wa chakula yanabaki palepale, na ulinzi huo wa katiba unaisha mara unapoongeza kitu ambacho hukukilima. Nyanya zako peke yake ni mazao. Kachumbari yenye vitunguu vya dukani ni chakula kilichotengenezwa.

Kwa vyakula vya kutengeneza nyumbani kuna mlango mwingine: unapata mafunzo, unajisajili idarani kabla ya kuuza, unaandika lebo yenye jina lako, anwani au namba ya usajili, tarehe, viungo vyote vikiwemo vinavyoleta mzio, na tamko kwamba kimetengenezwa nyumbani na hakikaguliwi na jimbo. Vinavyokubaliwa ni vile visivyohitaji friji: mkate, biskuti, kashata. Sambusa ya nyama haimo. Achari imo ikiwa pH yake (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, ukali umepanda) ni 4.6 au chini, na hapa kuna kosa linalojirudia. Achari ya embe mbichi, ndimu na siki hufika 4.6 bila shida. Matatizo huja mpishi anapotia karoti na pilipili hoho nyingi ambazo hazina ukali wake, kisha akaifunika kwa mafuta. Mafuta huzuia hewa, na bakteria wa botulizimu, mwenye sumu inayopooza mwili, anataka hasa mahali pasipo hewa wala ukali. Saga sampuli kabla mafuta hayajaingia, upime kwa kipima-pH kilichorekebishwa siku hiyohiyo. Karatasi za rangi hazitoshi achari ya manjano, kwa kuwa bizari inazipaka rangi yake.

Maziwa yana masharti yake peke yake. Maziwa mabichi Minnesota mnunuzi huyafuata shambani yanakokamuliwa, kwa matumizi yake mwenyewe; kuyapeleka mjini kwa madumu ni kosa, hata kama wateja ni jamaa wa kanisani wanaotaka kugandisha mtindi. Maziwa ya daraja A yanayokwenda kiwandani hayatakiwi kuzidi bakteria 100,000 kwa mililita kutoka kwa mfugaji mmoja, wala seli 750,000 zinazoashiria ugonjwa wa kiwele, na lazima yafike 7°C ndani ya saa mbili baada ya kumaliza kukamua. Kila lori hupimwa mabaki ya antibiotiki kabla ya kushusha. Likikutwa nayo, mzigo wote unamwagwa, na mfugaji aliyesababisha analipa, maziwa ya wenzake yakiwemo. Mara nyingi anayesababisha hajakusudia: mkamuaji wa asubuhi amemchoma ng'ombe sindano ya kiwele, wa jioni hakuambiwa. Kamba nyekundu mguuni na jina la ng'ombe ubaoni, vifanyike kabla ya sindano, ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote.

Na mbuzi. Sherehe zetu hazina maana bila mbuzi, na Minnesota kuna njia tatu za kumfikisha mezani. Machinjio yenye mkaguzi wa shirikisho: nyama inauzwa popote nchini. Machinjio yenye mkaguzi wa jimbo: inauzwa ndani ya Minnesota tu, kwa kawaida. Ya tatu, unamnunua mbuzi akiwa hai kwa mfugaji, anachinjwa akiwa mali yako, na nyama inapigwa mhuri kwamba si ya kuuzwa. Hiyo ya tatu ndiyo nafuu na ndiyo yenye hatari kisheria. Ni ya familia yako na wageni wasiolipa. Ukimweka mbuzi huyo kwenye harambee ya kiingilio cha dola 20, umeuza nyama isiyokaguliwa. Mfugaji naye akikuuzia nusu mbuzi kwa kilo badala ya mbuzi mzima akiwa hai, kosa limehamia kwake.

Duka la vyakula vya Kiafrika kwa kawaida huwa chini ya wakaguzi wa kilimo, na mgahawa chini ya idara ya afya. Lenye vyote viwili huamuliwa kwa kuangalia mauzo mengi yanatoka upande gani. Kwenye rafu za maduka haya, kitu kinachozuiwa sana ni samaki mkavu ambaye hakutolewa matumbo. Chumvi na moshi haviingii tumboni upesi, na huko ndani bakteria wa botulizimu hupata makazi. Mwongozo wa shirikisho unaruhusu samaki wadogo wasiofika inchi 5, kama sentimita 12.7, kwa masharti ya chumvi, ukavu au ukali. Dagaa wa Ziwa Victoria kwa urefu anapita, lakini urefu peke yake haumwokoi. Mwenye duka anatakiwa kuwa na karatasi ya mwagizaji inayoonyesha kiwango cha chumvi au ukavu. Wakaguzi wa idara ya kilimo ya New York wanajulikana kwa kupasua samaki wa namna hii hapo hapo dukani, na matangazo mengi ya kurudisha samaki yalianzia kwenye sampuli zao. Shehena ikifungiwa, huruhusiwi kuiuza, kuihamisha wala kuitupa mpaka mkaguzi arudi. Kosa la pili, la kuhamisha mfuko uliofungiwa, huwa zito kuliko la kwanza.

Mambo mawili ya njiani. Kuni za miti migumu usizitoe kaunti moja kuzipeleka nyingine kwa ajili ya nyama choma bila kuangalia ramani ya karantini: mdudu anayeua miti ya Marekani iitwayo ash aligunduliwa St. Paul mwaka 2009, na tangu hapo amesafiri sana ndani ya magogo ya watu wanaokwenda kupiga kambi. Na vikonyo vya matembele usivitume kwa posta kwa shemeji aliyeko California au majimbo ya kusini yanayolima viazi vitamu. Huko kuna karantini za fukusi wa viazi, na kifurushi kinaweza kuchomwa hata kama kimetoka mahali ambako fukusi huyo hayupo. Shemeji anunue kiazi kimoja kisichotiwa dawa ya kuzuia kuchipua, akilaze nusu kwenye mchanga wenye unyevu mwezi Machi, pahali pa joto la 25°C. Baada ya wiki nne hadi sita atakuwa na miche ya kutosha kitalu kizima.